Kwa nini kiti cha Mkuu wa Maktaba za chuo kikuu hutangazwa, kikarudiwa kutangazwa, na bado kikabaki na kaimu?

#1 MkutubiTawi (Malindi)
Salaam wanajamvi. Nafanya kazi kwenye maktaba ya tawi la chuo kikuu kimoja cha umma. Chuo sitakitaja. Mkutubi Mkuu alistaafu, tangazo likatoka gazetini, watu wakaomba, wachache wakaitwa kuhojiwa, kisha kimya. Likatoka tangazo la pili, neno kwa neno kama la kwanza. Sasa tunasikia la tatu liko njiani. Muda wote huo tuna kaimu, na kaimu hatii saini mkataba mrefu, hahamishi mfanyakazi, haahidi kitu.

Walioko makao makuu hawaoni shida kwa sababu milango inafunguliwa na taa zinawaka. Sisi wa tawi tunaiona kila siku. Mwanafunzi wa uuguzi hapa Malindi anaambiwa kitabu kipo kwenye katalogi, na kweli kipo, lakini kiko kampasi nyingine mbali na hakuna utaratibu wa kukileta. Nenosiri la kusomea majarida ukiwa nje ya chuo hutolewa na mtu mmoja tu. Akienda likizo, tawi zima limekwenda likizo.

Dai langu ni hili: hatupati mkuu kwa sababu hatujui tunamtafuta nani. Tangazo linaeleza mlinzi wa vitabu vya jengo moja. Kazi yenyewe ni kuendesha matawi kadhaa, leseni za majarida, seva, hazina ya tasnifu, na wafanyakazi walioajiriwa kwa masharti yasiyofanana. Mtu mwenye uwezo wa kazi hiyo akisoma tangazo lile hajioni ndani yake. Nyinyi mnaonaje? Na walio vyuo vingine, kwenu ilikuwaje?

#2 KakaGongoni
Ndugu yangu, jibu ni pesa. Kaimu anapewa posho juu ya mshahara wake wa zamani. Mkuu anataka mshahara kamili, nyumba na bima. Chuo chenye madeni kitachagua kipi? Haya, uzi umefungwa, twendeni tukale samaki.

#3 Mwanafunzi_Watamu
Hiyo ya nenosiri ni kweli kabisa. Tulipokuwa tunaandika mradi wa mwisho, darasa zima lilitumia nenosiri la mhadhiri mmoja. Lilipofungiwa tukarudi kwenye fotokopi. Halafu mimi sikujua kama kuna mtu anaitwa Mkuu wa Maktaba. Nilidhani mkuu ni yule mama wa mapokezi anayetutoza faini.

#4 Mhadhiri_Pembeni
Kaka wa Gongoni, pesa imo, lakini soma masharti kwanza. Matangazo ya aina hii kwa kawaida hutaka uzamivu wa ukutubi au sayansi ya habari, uzoefu wa miaka mingi, sehemu yake ukiwa naibu au cheo kinacholingana. Sasa tazama ni wangapi nchini. Moi kule Eldoret walianzisha kitivo cha sayansi ya habari mwaka 1988, na wengi waliofika uzamivu, hapo na kwingineko, wamebaki kufundisha. Mtu ana kazi ya kudumu mpaka astaafu, wewe unamwita aje achukue mkataba wa miaka michache unaoweza kukatika. Aje kwa sababu gani?

Na yule naibu aliyekulia ndani ya maktaba, anayejua kila rafu na kila mkataba, ana uzamili tu. Tangazo linamwacha nje. Kwa hiyo mimi na mwenye uzi tunatofautiana. Wanamjua wanayemtafuta. Ila watu wa namna hiyo ni wachache mno, na wachache hao wameshakaa mahali.

#5 MzeeWaMaktaba
Mwalimu, kwenye uzamivu twende polepole. Mimi nimestaafu ukutubi na nimekaa pande zote mbili za meza ya mahojiano. Uzamivu umewekwa kwa ajili ya Seneti, kile kikao kikuu cha taaluma cha chuo. Mkutubi Mkuu huingia Seneti pamoja na wakuu wa vitivo, na sauti yake huko ndiyo huokoa fungu la vitabu au huliacha liende.

Nilimwona mkuu hodari sana, mwenye uzamili, akieleza kwa takwimu kwa nini usajili wa majarida usikatwe. Meza nzima ilikuwa inamsubiri amalize. Baadaye akaja mwingine mwenye "Daktari" mbele ya jina, akasema yale yale, yakaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na fungu likabaki. Si haki, lakini nimeyaona. Ukiondoa sharti hilo bila kubadilisha tabia ya Seneti, utapata mkuu asiyesikika, na tawi la Malindi ndilo litakaloumia kwanza.

#6 Ughaibuni_Ohio
Salaam kutoka Ohio. Mimi ni mzaliwa wa Shela ya Malindi, nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo kikuu huku Marekani. Nimewahi kukaa kwenye kamati ya kumtafuta mkuu, kwa hiyo nieleze inavyokwenda.

Tangazo haliji kwanza. Kwanza inaundwa kamati: maprofesa, wakutubi, mwanafunzi mmoja au wawili, mara nyingine mtu wa teknolojia. Kamati inazunguka kuuliza watu maktaba ina shida gani na wanataka iwe wapi miaka ijayo. Majibu yale ndiyo yanayoandikwa kuwa maelezo ya nafasi, kurasa kadhaa, na matatizo hayafichwi. Vyuo vingi hulipa kampuni ya kutafuta viongozi, na kampuni hiyo inawapigia simu watu ambao hawakuomba kazi. Wanaofaa wengi wako kazini mahali, hawasomi matangazo. Watatu au wanne wa mwisho wanaitwa chuoni siku nzima au mbili. Kila mmoja anatoa mada mbele ya yeyote anayetaka kuhudhuria, halafu hata anayerudisha vitabu kwenye rafu anajaza fomu ya maoni.

Inachukua miezi mingi. Na bado kuna utafutaji unaovunjika wakaanza upya. Kwa hiyo msidhani kurudia tangazo ni ugonjwa wa Kenya peke yake.

#7 BintiShela (Lamu)
Kaka wa Ohio, karibu, lakini Shela ni ya Lamu, hiyo ya Malindi ni nakala 😄

Tuyaache hayo. Kampuni hiyo hulipwa na nani? Kwetu hata karatasi za kuchapia wanafunzi wanaambiwa waje nazo.

#8 Ughaibuni_Ohio
Dada, nakala ikiwa nzuri nayo husomwa 😄 Kampuni hulipwa na chuo, na desturi ni kama thuluthi ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa atakayepatikana. Ni pesa nzito. Lakini kazi ya kupiga simu haihitaji kampuni. Kamati yenye watu wanaojulikana katika fani inaweza kuifanya yenyewe.

#9 Wakili_Ngomeni
Niweke sheria mezani, maana tunakokwenda kuna mashimo.

Kuhusu kaimu: Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017, kifungu cha 34, inasema kukaimu kusizidi miezi 6. Kuhusu kupiga simu: Ibara ya 232 ya Katiba inataka ushindani wa haki na sifa ziwe msingi wa uteuzi. Chuo cha umma kikianza kuwapigia simu watu, aliyeomba kwa kusoma gazeti ataenda mahakamani aseme matokeo yalipangwa mapema, na atakuwa na hoja.

Kisha kuna Sura ya Sita ya Katiba, ya uongozi na uadilifu. Matangazo mengi humtaka mwombaji aje na cheti cha mwenendo mwema cha DCI (polisi wa upelelezi), cheti cha kodi cha KRA, barua ya HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), fomu ya EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) na ripoti ya mikopo ya CRB. Shahada ya nje nayo itambuliwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Nimeona maombi mazuri yakiwekwa kando kwa ajili ya karatasi moja iliyochelewa. Mtu aliye Ohio atakayetaka kurudi nyumbani kuongoza maktaba, mwulizeni alama za vidole atazipigia wapi kabla ya siku ya mwisho.

#10 Ughaibuni_Ohio
Wakili, kumwambia mtu "tangazo limetoka, hebu omba" si kumpa kazi. Bado atahojiwa kama wengine.

#11 Wakili_Ngomeni
Na yule ambaye hukumpigia?

#12 KakaGongoni
Samaki nimekula, nimerudi. Sasa niseme ambalo wengi mnalizunguka. Kiti kinakaa wazi kwa sababu kila upande una mtu wake. Wenyeji wanataka mtu wa Pwani, wa bara wanataka wa kwao, na Baraza la Chuo likiona moto umewaka linaamuru "tangazeni upya". Kuna hata sheria inayosema kabila moja lisizidi thuluthi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa bora na akaachwa kwa hesabu.

#13 Wakili_Ngomeni
Sheria unayoisema ni ya Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 7. Hiyo thuluthi inahesabiwa kwa wafanyakazi wote wa taasisi, haihesabiwi kwenye kiti kimoja. Anayekwambia fulani hakupewa ukuu wa maktaba kwa sababu ya kifungu hicho anakificha kisa kingine nyuma yake.

#14 Msimamizi
Makabila yatajwe kwa adabu. Na chuo kisitajwe jina kwenye malalamiko, wala mtu. Endeleeni.

#15 Mwana_Mkomani (Lamu)
Mimi mtu wa Mkomani, Amu. Nimesoma tangu yuu. Mwazungumza vyeo, Seneti na vyeti, na hamjasema maktaba za Pwani zatakiwa ziwe na nini ndani.

Pwani hii ina hati. Msikiti Riyadha una miswada yake. Ngome ya Lamu ina maktaba yenye vitabu vya mila na tungo zetu. Nyumba za mui huu zina masanduku ambayo wenyewe hawajayafungua tangu wazee wao walipofariki. Chuo kikuu kinachojiita cha Pwani, au chenye tawi Pwani, kikipata mkuu ambaye hajui kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa khati za Kiarabu miaka mingi kabla ya herufi za Kirumi, urathi huu ataufanya nini? Nimeona katalogi moja ambamo utenzi wa Kiswahili umewekwa chini ya lugha ya Kiarabu. Aliyeuorodhesha alitazama herufi, hakusoma. Kwenye Dewey, mpango wa kupanga vitabu kwa namba, fasihi ya Kiswahili ina namba yake, 896.392, na mwanafunzi anayetafuta humo hataupata utenzi ule abadan.

Siku ya mahojiano wampe karatasi moya ya hati kama hiyo. Wamuulize ataiorodhesha vipi, ataihifadhi vipi kwenye hewa hii ya chumvi, na mwenye sanduku atamwambia nini ili amwamini. Asiyejua kuisoma si kosa. Lakini aseme atamwita nani.

#16 Nahodha_Mokowe
Hati gani tena, bwana? Si zile za Riyadha Wazungu walizipakia wakazipeleka London?

#17 Mwana_Mkomani (Lamu)
La, nahodha. Za Riyadha zilipigwa picha kwa mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Miswada yenyewe ilibaki Amu, zilizokwenda ni picha. Uyasikiayo ni ya Muhamadi Kijuma, mwandishi na mchongaji wa mui wetu, aliyewaandikia wataalamu wa Ulaya. Kazi zake nyingi ziko chuo cha SOAS, London, na nyingine Ujerumani. Hizo ni habari mbili, usizichanganye, maana watu wakisikia "zilipelekwa" hufunga masanduku.

#18 FundiSeva
Hapo kwenye picha na British Library ndipo nami naingia. Oktoba 2023 maktaba ile ilivamiwa mtandaoni. Wavamizi walidai bitcoin 20, hawakulipwa, wakamwaga takriban GB 600 za data. Katalogi na huduma nyingi zilizimika kwa miezi. Ile ni maktaba ya taifa la Uingereza, ina mafundi na bajeti. Sisi je, wenye seva moja chini ya meza?

Vyuo vingi hapa nchini vinatumia Koha kwa katalogi na DSpace kwa tasnifu. Koha ilitengenezwa New Zealand na kuanza kutumika Januari 2000, DSpace ilitoka 2002 kwa chuo cha MIT na kampuni ya Hewlett-Packard. Zote mbili hazina ada ya leseni. Neno "bure" ndilo linalowapoteza wakubwa. Wanaona programu ni bure, wanafuta fungu lote. Hakuna anayelipiwa kusasisha, hakuna nakala rudufu iliyojaribiwa. Niliwahi kuitwa chuo kimoja diski imekufa, na tasnifu za miaka kadhaa zilikuwa humo peke yake.

Mkuu wa maktaba ambaye hawezi kuuliza "nakala rudufu iko wapi, na mara ya mwisho tulijaribu kuirudisha lini?" hafai, hata awe na uzamivu mara tatu. Na anayeweza kuliuliza swali hilo, benki inamlipa zaidi. Ndiyo sababu hamumpati. Mnashindana na benki na hamjui.

#19 MzeeWaMaktaba
Fundi, mkuu si fundi. Ajue kuuliza, halafu ajue kumwajiri mtu kama wewe na kukulinda fungu lako lisikatwe. Nimeona pia chuo kilichomtia mtaalamu wa kompyuta kwenye kiti hicho. Seva zilikuwa safi. Wakutubi wakahama mmoja baada ya mwingine.

#20 Mhadhiri_Pembeni
Basi kwa nini tung'ang'anie mkutubi? Chukueni profesa anayeheshimika, mpenda vitabu, mumzungushie wakutubi hodari. Seneti itamsikia. Library of Congress ya Marekani iliongozwa na James Billington tangu 1987 hadi 2015, naye alikuwa mwanahistoria wa Urusi. Kabla yake Rais Roosevelt alimteua Archibald MacLeish, mshairi, mwaka 1939.

#21 MzeeWaMaktaba
Mwalimu, Library of Congress ni maktaba ya Bunge, mkuu wake huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti ya nchi. Haina wanafunzi wa uuguzi. Na huyo MacLeish, chama cha wakutubi wa Marekani kilimpinga waziwazi kwa sababu hakuwa mkutubi.

#22 Ughaibuni_Ohio
Mfano wa chuo kikuu upo. Harvard ilimpa Robert Darnton, mwanahistoria wa vitabu, uongozi wa maktaba zake mwaka 2007. Wakati wake, mwaka 2012, baraza la ushauri la wahadhiri lilitoa waraka likisema bei za majarida hazibebeki, zinakaribia dola milioni 3.75 kwa mwaka. Ilikuwa sauti ya wahadhiri wenyewe, na dunia nzima ya maktaba iliusoma waraka ule. Lakini kumbukeni, chini yake kulikuwa na jeshi la wakutubi na hazina ambayo chuo chetu chochote hakina. Mwanahistoria bila jeshi hilo atazama.

#23 BintiShela (Lamu)
Na yule mshairi Mwingereza, Philip Larkin? Si aliongoza maktaba ya Chuo Kikuu cha Hull miaka 30? Mshairi tu, na maktaba ilikua chini yake.

#24 MzeeWaMaktaba
Hull ni kweli, 1955 hadi 1985. "Mshairi tu" si kweli, mwanangu. Larkin alianza kazi ya maktaba mwaka 1943 kwenye mji mdogo wa Wellington, akapitia vyuo vya Leicester na Belfast kabla ya kufika Hull. Alipanda ngazi ndani ya ukutubi. Mfano wako unamsaidia yule naibu mwenye uzamili aliyemtaja Mhadhiri pale #4, haumsaidii profesa wa kuletwa kutoka nje.

#25 Mhadhiri_Pembeni
Nakubali Larkin ni wenu. Darnton simwachi.

#26 Ughaibuni_Ohio
Kuna jambo la mwenye uzi mmelikimbia: mfumo. Chuo Kikuu cha California kina kampasi 10. Kila kampasi ina mkuu wake wa maktaba, na wameweka pamoja chombo cha kidijitali kinachowahudumia wote tangu 1997. Februari 2019 walisimama pamoja wakakataa kuendelea kulipia majarida ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier. Walikaa bila mkataba mpaka Machi 2021, walipopata makubaliano mapya. Kampasi moja peke yake isingethubutu. Kwa hiyo waulizeni wakubwa wenu: mnatafuta mkuu wa jengo la makao makuu ambaye matawi yako chini yake kwa jina, au mtu wa kuyafanya matawi yasimame pamoja? Hizo ni kazi mbili na mishahara miwili.

#27 MkutubiTawi (Malindi)
Ahsante, ndugu wa Ohio, hapo ndipo nilipokuwa nikipatafuta. Na hata hapa kuna mahali pa kusimama pamoja. Tangu 2003 kuna KLISC, muungano wa maktaba unaojadiliana bei za majarida kwa niaba ya wanachama. Lakini kwenye muungano lazima mtu wako aende akae, aseme chuo chetu kinahitaji nini na kitalipa lini. Kaimu anakwenda kusikiliza. Hawezi kuahidi kwa sababu hajui kama mwakani atakuwepo.

Mhadhiri, kuhusu uchache wa watu, sikatai. Ila watu wachache wangekuwa ndiyo sababu pekee, hata kiti cha naibu kisingejazwa, na kilijazwa upesi.

#28 Mhadhiri_Pembeni
Naibu hadaiwi uzamivu. Umenijibia mwenyewe.

#29 Nahodha_Mokowe
Samahani, mimi si mtu wa vyuo. Lakini hivyo vitabu vilivyo kampasi nyingine, kwa nini msivitie kwenye basi? Mizigo ya watu kutoka Mombasa inafika Mokowe kila siku, tunaivusha kwa mashua mpaka Amu, dawa, simu, hata keki za harusi. Kitabu ni nini?

#30 MkutubiTawi (Malindi)
Nahodha, tulipendekeza hivyo hivyo. Dereva alikubali, ada ilikuwa ndogo. Swali likawa kitabu kikipotea njiani nani ataandikiwa. Ilihitajika kanuni ya kurasa mbili yenye saini ya Mkutubi Mkuu. Kaimu akasema tusubiri mkuu aje.

#31 Mwanafunzi_Watamu
Kwa hiyo mimi nilikosa kitabu cha famasia kwa sababu ya saini?!

#32 BintiShela (Lamu)
Mdogo wangu, usilie, sisi huku Lamu tunasubiri hilo tawi lenyewe.

Mimi nina swali. Mwenye uzi, hao waliohojiwa mara ya kwanza, hakuna aliyefaulu kweli? Kwa sababu nimesikia chuo kingine mshindi alipewa barua akaikataa. Alipofika kuangalia mazingira, akaambiwa makao ni bara lakini matawi ya Pwani atayatembelea kwa gari lake na mafuta yake.

#33 KakaGongoni
Si nilisema pesa?

#34 BintiShela (Lamu)
Kaka, hiyo ni heshima kabla haijawa pesa. Mtu unamwita aongoze, halafu unamwambia ajibebe.

#35 FundiSeva
Kuhusu pesa, Kaka wa Gongoni hajakosea kabisa, ila chanzo kiko nyuma zaidi. KCSE (mtihani wa kidato cha nne) ya 2016 waliopata C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, na kuendelea walikuwa 88,929, na 2017 wakawa 70,073. Mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 160,000. Wanafunzi wa kujilipia waliokuwa wanaziendesha kampasi za miji midogo walikauka ghafla. Kampasi nyingine zilifungwa. Zilizobaki zilibaki na wafanyakazi wachache na vyeo vingi vya kukaimu, sio maktaba peke yake. Desturi ilianzia hapo, na ilipopatikana nafuu hakuna aliyerudi kuirekebisha.

#36 MzeeWaMaktaba
Nimesoma yote. Niongeze kisa kimoja bila jina. Kuna mtu niliyemlea kikazi, leo ana uzamivu, ameongoza maktaba yenye matawi nje ya nchi, na kwao ni Pwani hii hii. Nilimpigia simu tangazo la pili lilipotoka (Wakili unisamehe). Akasema haombi. Nikamuuliza ni mshahara? Akasema hajafika kwenye mshahara.

Alitaka kujua mambo matatu ambayo tangazo halikusema. Mkutubi Mkuu anawajibika moja kwa moja kwa Makamu wa Chansela, au kwa naibu, au kwa msajili? Fungu la maktaba liko mkononi mwake, au kila ununuzi unapita kwa mtu wa fedha anayeamua upya? Na wakutubi wa matawi wanawajibika kwake, au kwa wakurugenzi wa kampasi? Alimwandikia ofisa wa ajira kuuliza. Akajibiwa kwamba hayo ataelezwa akishaajiriwa. Mtu wa umri wake, mwenye watoto shuleni, hawezi kuhamisha nyumba kwa jibu kama hilo.

Kwa hiyo Mhadhiri akisema watu hawapo, mimi nasema mmoja yupo, nina namba yake.

#37 Mhadhiri_Pembeni
Mzee, mmoja ni ushahidi wangu pia.

#38 Mwana_Mkomani (Lamu)
Mzee, huyo mtu wako asoma khati?

#39 MzeeWaMaktaba
Anasoma. Babu yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani.

#40 Mwana_Mkomani (Lamu)
Basi mwambie aombe, hizo habari za mtu wa fedha tutamwombea dua.

#41 Wakili_Ngomeni
Mzee nimekusamehe. Mwenye uzi, kaimu naye ameomba kiti hicho?

#42 MkutubiTawi (Malindi)
Ameomba mara zote mbili. Na nimtendee haki: ni mchapakazi. Mara ya kwanza hakuitwa kwa sababu uzamivu wake haujakamilika. Mara ya pili aliitwa. Hajaambiwa matokeo mpaka leo, na kila asubuhi anaingia ofisini asijue kama anawaandalia wengine au anajiandalia mwenyewe. Wafanyakazi nao wamegawanyika, wengine wanamtii, wengine wanamsubiri ajaye.

#43 Wakili_Ngomeni
Basi kuna mlango. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizoko mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Aliyehojiwa anaweza kuomba alama zake, vigezo vilivyotumika na uamuzi wa Baraza. Asipojibiwa, anakwenda Tume ya Haki za Kiutawala. Na si lazima awe kaimu, mtu yeyote aliyehojiwa anaweza, hata wewe wa tawi unaweza kuomba kujua kwa nini nafasi ilirudiwa. Majina ya waombaji wengine hutapewa, kuna sheria ya kulinda data ya 2019, kwa hiyo usiyaombe.

Nina kesi Malindi asubuhi. Nikitoka mahakamani nitaweka rasimu ya barua hapa.

#44 FundiSeva
Ukiandika, ongeza na ile ya nakala rudufu. Nataka kuona watajibu nini.

#45 Mwanafunzi_Watamu
Na kanuni ya vitabu kwenye basi, tafadhali. Kurasa mbili tu, hata mimi nitazichapa.